Barua za Wasomaji: Baba Anaugua Huntington, Je, Nami Nipime?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa ufupi maradhi ya ubongo yanayorithiwa, na barua nyingi zilizofuata ziliuliza kuhusu ugonjwa mmoja tu, Huntington. Barua zilizochaguliwa hapa zimefupishwa, na majina yameondolewa kwa sababu ambazo msomaji atazielewa mwenyewe.

*Assalaam aleikum, daktari, na shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga. Baba yangu ana miaka 51. Kwa miaka kadhaa sasa mikono na mabega yake hayatulii, anayumba kama mlevi ilhali hajawahi kuonja pombe, na amekuwa mwepesi wa hasira kupita kiasi. Babu alifariki katika hali hiyo hiyo, na shangazi mmoja pia. Majirani wanasema ukoo wetu una jini. Daktari mmoja alitaja Huntington kwa mdomo tu, bila kipimo. Nimechumbiwa, na upande wa mwanamume wamesikia habari hizi. Wanataka nipime kabla ya ndoa. Nifanyeje?*

Waaleikum salaam, na marahaba, mwanangu. Hali unayoieleza inafanana sana na ugonjwa wa Huntington, lakini kufanana bado si kuthibitika. Naanza na jambo ambalo wakwe zako hawakulifikiria: wa kwanza kupimwa ni baba yako. Ukipimwa wewe kabla ya kujulikana baba anaumwa nini, na ukaambiwa huna mabadiliko ya Huntington, majibu hayo yatakuwa na maana ikiwa tu baba kweli ana Huntington. Kama anaumwa ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana nao, utakuwa umetulizwa moyo bure.

Kwetu Waafrika tahadhari hii ina uzito wa pekee. Mwaka 2001 wataalamu walieleza ugonjwa unaoitwa HDL2, ambao daktari akimtazama mgonjwa kwa macho hawezi kuutofautisha na Huntington. Jeni ya Huntington, iitwayo HTT, iko katika kromosomu ya 4, na ile ya HDL2, iitwayo JPH3, iko katika kromosomu ya 16. Karibu wagonjwa wote wa HDL2 waliojulikana duniani wana asili ya Afrika, na huko Afrika Kusini hawakuwa wachache miongoni mwa wagonjwa weusi waliodhaniwa kuwa na Huntington. Kwa hiyo kabla baba hajatolewa damu, uliza maabara itapima jeni gani, na kama HTT ikionekana salama itaendelea na JPH3 au itaishia hapo. Hospitali ya Bombo inaweza kuwaandikia rufaa ya kwenda kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, KCMC huko Moshi au Muhimbili huko Dar es Salaam.

Huko bingwa atamwambia baba atoe ulimi na kuuacha nje kwa sekunde 10. Mgonjwa wa Huntington mara nyingi hushindwa. Ulimi hurudi ndani wenyewe, akautoa tena, ukarudi tena. Atampa vidole viwili avibane kwa mkono, na atahisi mbano ule ukikaza na kulegea bila mgonjwa kukusudia. Atamtazama macho yanavyohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, kwani mara nyingi macho huchelewa kuanza safari mpaka kichwa kigeuke au kope zipepese kwanza. Usishangae baba akimwambia daktari kwamba hachezichezi hata kidogo. Wagonjwa wengi hawaioni miondoko yao wenyewe, na ndugu wanaokaa naye huishia kugombana naye kwa jambo ambalo ubongo wake umeacha kumwarifu. Ndiyo maana ni vizuri mmoja wenu aingie naye chumbani kwa daktari.

Hasira uliyoitaja ni sehemu ya ugonjwa. Sehemu za ndani za ubongo zinazoharibika mapema, hasa zile zinazopanga miondoko, zina kazi pia katika kupanga mawazo na kuzuia hisia, na kwa hiyo hasira, sonona, uzito wa kuanza jambo lolote na matumizi ya pesa yasiyo na hesabu huweza kutangulia kuchezacheza kwa miaka mingi. Familia nyingi hukumbuka baadaye kwamba mzee alibadilika tabia zamani, wakadhani ni maisha tu.

Kuhusu jini, sitamzuia mtu dua yake. Ila fikiria ni kwa nini majirani wamelifikia neno hilo: ugonjwa huu humshika mtu zaidi kati ya miaka 30 na 50, amekwisha oa, amekwisha zaa, na mwaka juzi alikuwa anavua samaki kama wenzake. Halafu humtwaa mwanawe katika umri kama ule ule. Mwenye kutazama kutoka nje huona laana inayofuata ukoo, na kwa kweli ameona vizuri kwamba kuna kitu kinachofuata ukoo. Kosa liko katika kumfunga kamba mgonjwa, kumpiga ili kitu kimtoke, au kumnyima dawa.

Kinachofuata ukoo ni hitilafu ya maandishi. Ndani ya jeni ya HTT kuna herufi tatu za kemikali, C, A na G, zinazorudiwa mfululizo, kama mtoto anayejifunza kusoma anavyokwama kwenye silabi moja. Kila binadamu ana marudio hayo. Mwenye marudio 26 au pungufu yuko salama. Kuanzia 40 kwenda juu ugonjwa utakuja, akijaliwa umri wa kawaida, kwa sababu protini inayotengenezwa kwa maandishi hayo huwa ndefu kupita kiasi na baada ya miaka mingi huua chembe za ubongo. Mwenye 36 hadi 39 anaweza kuugua, mara nyingi akiwa mtu mzima sana, au asiugue maishani mwake mwote. Mwenye 27 hadi 35 haugui, lakini idadi inaweza kupanda anapowarithisha watoto, hasa akiwa mwanamume, kwa kuwa marudio huongezeka zaidi katika utengenezaji wa mbegu za kiume. Ndiyo sababu mtoto wa baba mgonjwa wakati mwingine huanza kuugua mapema kuliko baba, na wachache, mara nyingi wenye marudio zaidi ya 60, huanza kabla ya miaka 20. Hao wadogo aghalabu hawachezichezi. Hukakamaa, hurudi nyuma shuleni, na baadhi hupata kifafa.

Sasa wakwe. Wengi tumezoea kupima VVU kabla ya ndoa, na nadhani wanakichukulia kipimo hiki kuwa cha aina hiyo. Mwenye VVU huanza dawa na kuishi. Mwenye marudio 42 akiwa na miaka 26 hupewa habari ambayo hawezi kuirudisha, juu ya ugonjwa ambao hauna dawa ya kuuzuia, na ambao hakuna anayeweza kumwambia utaanza mwaka gani. Maoni yangu ni kwamba mchumba wako ana haki ya kuambiwa ukweli, yaani kwamba baba anaumwa na kwamba ugonjwa wenyewe, ukithibitika, unarithiwa kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Mwambie kabla ya nikaha, uso kwa uso, wala si kwa kupitia washenga. Haki ya kukushurutisha upime hana, wala mama yake hana. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009, nayo inadai ridhaa ya mwenye kuchukuliwa sampuli. Ukiamua kupima, iwe kwa sababu wewe unataka kujua, na si katika wiki za kuandaa harusi.

*Daktari, salaam kutoka Mombasa. Marehemu baba yetu aliugua Huntington, ikathibitishwa kwa kipimo. Tulizaliwa sita, watatu wakubwa wameshaanza kuugua. Mimi ni wa nne, nina miaka 57 na sina dalili. Je, sisi watatu tuliobaki tumenusurika, maana nusu imetimia? Na je, ni kwa sababu baba na mama walikuwa binamu, watoto wa ndugu wawili? Wengine wanasema ugonjwa unaweza kumruka mtoto ukamshika mjukuu.*

Pole sana, ndugu yangu, kwa kuuguza watatu. Hesabu ya nusu haitimii kwa namna hiyo. Kila mimba ilikuwa na uwezekano wake wa asilimia 50, peke yake, bila kujali waliotangulia walipata nini. Kuna familia ambazo watoto wote sita waliurithi, na nyingine hakuna hata mmoja. Kinachokupunguzia uwezekano ni umri wako. Kadiri mtu anavyopita miaka ambayo ndugu zake walianza kuugua, akiwa amechunguzwa na daktari na kuonekana hana dalili, ndivyo inavyoelekea zaidi kwamba hakuurithi. Uwezekano huo haufiki sifuri, kwani wako wanaoanza baada ya miaka 60.

Ndoa ya binamu haikuuleta. Labda unafikiria seli mundu, ambayo mtoto huugua akirithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama pia, na mwenye moja tu huwa mbebaji asiyeugua. Katika maradhi ya namna hiyo undugu wa wazazi huongeza hatari kweli. Huntington hutosheka na jeni moja kutoka kwa mzazi mmoja, hata mzazi wa pili angetoka bara jingine. Mabinamu wangekuwa na neno hapa kama wote wawili wangekuwa nayo, kwani hapo kila mtoto angekuwa na uwezekano wa asilimia 75.

Kuruka kizazi pia hakuna. Aliyeikosa jeni hiyo hana cha kuwapa watoto wake, na tawi lake limetoka katika mkondo huo moja kwa moja. Kinachoonekana kama kuruka mara nyingi ni mzazi aliyefariki mapema kwa ajali, kwa malaria au kwa uzazi, kabla ugonjwa haujajitokeza.

*Nakuandikia kutoka Muscat, sisi ni Waomani tuliotoka Unguja mwaka 1964. Katika ukoo wetu kuna wagonjwa wa Huntington huku na huku. Jamaa mmoja aliniambia kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu, mwingine akasema tumeutoa Afrika. Nani mkweli?*

Wote wawili wameshika kipande. Jina linatokana na George Huntington, daktari kijana wa Marekani aliyeuandika vizuri mwaka 1872, akitumia kumbukumbu za baba yake na babu yake, ambao nao walikuwa waganga huko Long Island na walikuwa wamezitibu familia zile zile kwa miongo. Ugonjwa unaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini uko Asia, uko Amerika ya Kusini, na maandishi ya kitabibu yanautaja Tanzania na Zimbabwe tangu karne iliyopita. Kuhusu Oman hasa, mwaka 2020 watafiti walichapisha kazi iliyofuata jeni ya ukoo mmoja mkubwa wa huko, na alama za vinasaba zilizoizunguka jeni hiyo ziliwafikisha kwa mhenga mwenye asili ya Afrika. Nani atashangaa, kwa jinsi pwani zetu mbili zilivyooana kwa karne nyingi? Ila sipendi swali la nani alimletea nani. Kwenye daftari la ukoo wako andika jambo lenye faida zaidi: nani aliugua, alianza akiwa na umri gani, alifariki lini, na watoto wake wako wapi. Daktari atakayeipokea karatasi hiyo atakushukuru.

Wasomaji wengine wameuliza jeni yenyewe ilipatikanaje, na jibu linahusu ukoo pia. Katika vijiji vya ufuo wa Ziwa Maracaibo, Venezuela, kulikuwa na wagonjwa wengi kuliko mahali pengine popote palipojulikana, wote wa ukoo mmoja. Kuanzia mwaka 1979 kikosi kilichoongozwa na Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake aliugua Huntington, kilikuwa kikienda huko mwaka baada ya mwaka, kikaandika nasaba ya zaidi ya watu 18,000 na kuchukua damu za baadhi yao. Damu hizo zilimwezesha James Gusella na wenzake kuonyesha mwaka 1983 kwamba jeni iko katika kromosomu ya 4, na baada ya miaka kumi ya kuitafuta, mwaka 1993, ikapatikana. Wexler mwenyewe alitangaza hadharani mwaka 2020 kwamba naye anaugua. Wavuvi wa Maracaibo waliotoa damu waliendelea kuishi katika umaskini mkubwa, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa kila tunaposifu ugunduzi huu.

*Shikamoo daktari. Niko Birmingham, mume wangu anatoka Kigoma. Mama mkwe alipimwa akiwa hapa, akakutwa na Huntington. Mume wangu ana miaka 38, hana dalili, hataki kupima. Tuna mtoto wa miaka 11, na mimi ningependa mtoto apimwe ili tujipange. Pia tunatamani mtoto wa pili. Na je, bima watatusumbua?*

Marahaba, dada yangu. Kuhusu mtoto jibu ni hapana, na hapo Uingereza hakuna kliniki itakayokubali. Miongozo ya kimataifa iliyoandikwa mwaka 1994 na wataalamu pamoja na vyama vya wagonjwa inakataza kumpima aliye chini ya miaka 18 asiye na dalili, kwa sababu hakuna matibabu atakayoyakosa kwa kusubiri, na kwa sababu uamuzi huo ni wake atakapokua. Mtoto mwenye dalili ni habari nyingine. Huyo hupimwa ili ajulikane anaumwa nini. Katika nyumba yenu kuna sababu ya ziada: mtoto akikutwa nayo, baba yake atakuwa amepewa majibu yake mwenyewe bila kuyaomba.

Mume wako yuko pamoja na walio wengi. Katika nchi ambazo kipimo kinapatikana kwa urahisi, walio chini ya robo ya watu wenye mzazi mgonjwa ndio hukiomba. Usimwone mwoga. Akija kubadili nia, atapitia kliniki ya vinasaba: kikao cha kwanza cha ushauri nasaha kuhusu ugonjwa na urithi, mazungumzo kuhusu afya yake ya akili na nani atakuwa naye, uchunguzi wa dalili kama atautaka, muda wa kufikiri, ndipo damu, na majibu hupewa ana kwa ana, kamwe si kwa simu. Anaweza kughairi hatua yoyote, hata siku ya majibu bahasha ikiwa mezani. Wanaopata majibu mabaya huhitaji kuangaliwa kwa karibu, kwani hatari ya mtu kujiua katika ugonjwa huu iko juu kuliko kawaida, hasa dalili zinapoanza. Kinachosahaulika ni kwamba hata aliyepata majibu mazuri anaweza kuanguka moyo, akijiuliza kwa nini yeye na si ndugu yake.

Mtoto wa pili anawezekana bila mume wako kujua hali yake. Madaktari wanaweza kutungisha mimba maabara na kurudisha tumboni viinitete vile tu ambavyo havikurithi kromosomu ya 4 ya bibi mgonjwa, bila kumwambia baba lolote kuhusu jeni yake. Kupima mimba iliyokwisha kuingia, kwa chembe za kondo la nyuma kuanzia wiki ya 11 au kwa maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, nako kunawezekana, lakini zungumzeni kabla kuhusu mtakachofanya, maana kipimo ambacho hakitabadili uamuzi wenu huwa kimemnyang'anya mtoto haki ile ile ya kutokujua.

Bima: huko Uingereza kampuni haziruhusiwi kuuliza majibu ya kipimo cha kutabiri, isipokuwa Huntington pekee, na hapo ni kwa bima ya maisha inayozidi pauni 500,000. Historia ya ugonjwa katika familia wanaweza kuiuliza. Wasomaji wa Marekani wakumbuke kwamba sheria ya huko ya mwaka 2008 inalinda bima ya afya na ajira, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu.

*Daktari, hujambo? Mimi niko Nakuru, namtunza mama mwenye Huntington. Anakonda ingawa anakula, na chai humpalia kila siku. Kuna dawa mpya?*

Sijambo, mwanangu, na hongera kwa kumtunza mama. Kukonda ni sehemu ya ugonjwa, kwa hiyo mwongezee chakula chenye nguvu kwa kipimo kidogo na mara nyingi: parachichi lililopondwa, mala nzito, uji wenye maziwa na siagi ya karanga, viazi vilivyosagwa na mafuta. Vitu vyepesi kama chai na maji humpalia kuliko vizito, kwa hiyo mwombe mtaalamu wa tiba ya usemi na umezaji au mtaalamu wa lishe akuonyeshe namna ya kuvifanya vizito. Mkalishe wima, kidevu kikiinama kidogo, redio izimwe, asisemeshwe akiwa na tonge mdomoni, wala asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Mfundishe pia kila anayekaa naye, kwani chakula kinapoingia njia ya hewa huleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaua wagonjwa wengi wa Huntington, kwa kawaida miaka 15 hadi 20 tangu dalili zianze. Akipata homa na kikohozi, msisubiri asubuhi.

Kuchezacheza hupunguzwa na tetrabenazini, au na dawa za siku nyingi kama haloperidoli na risperidoni, ambazo huenda ukazipata kwa urahisi zaidi. Tetrabenazini inaweza kuleta sonona, kwa hiyo mwangalie. Sonona yenyewe inatibika, na kuitibu mara nyingi humsaidia mgonjwa kuliko kupunguza miondoko ambayo yeye mwenyewe haioni. Dawa ya kuuzuia ugonjwa bado haijaidhinishwa. Jaribio kubwa la dawa ya tominersen lilisimamishwa mwaka 2021. Septemba 2025 kampuni ya uniQure ilitangaza kwamba tiba yake ya jeni, inayoingizwa ubongoni kwa upasuaji, ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Waliopewa dozi kubwa na kufika miaka hiyo walikuwa 12 tu, na walilinganishwa na wagonjwa wa kumbukumbu za nje ya jaribio, kwa hiyo mtu akikuuzia Nakuru chupa ya dawa kwa jina hilo, usimpe hata shilingi.